Mtaro, Soko na Ubongo wa Mtoto

Mtoto anapozaliwa, ubongo wake tayari una sehemu kubwa ya seli za fahamu atakazoishi nazo. Kinachokosekana ni miunganisho kati ya seli hizo. Katika miaka ya mwanzo miunganisho mipya hujengeka kwa kasi ya zaidi ya milioni moja kila sekunde, na hakuna umri mwingine unaoifikia kasi hiyo. Akitimiza miaka 3, ubongo wake umeshafikia takriban asilimia 80 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima, ilhali yeye mwenyewe ana kimo cha sentimita 95 hivi na anashika kanga ya mama yake ili asipotee sokoni.

Si kila muunganisho hubaki. Ni kama njia za miguu porini: inayopitwa kila siku hupanuka, isiyopitwa huota majani mpaka ikapotea. Kinachopita kwenye njia hizi za ubongo ni mambo madogo ya kila siku. Mtoto anabwabwaja, mama anamjibu. Ananyoosha kidole kuelekea kwa kuku, baba anamtajia kuku. Analia usiku, anabebwa. Wataalamu wetu wa ustawi wa jamii huyaita malezi yenye mwitikio. Njaa, minyoo, malaria ya mara kwa mara, sumu zilizomo kwenye vumbi na hofu isiyokwisha hufanya kazi kinyume chake.

Hapa inabidi kutahadharisha mapema, maana habari hii imetiwa chumvi mara nyingi. Hakuna mlango unaofungwa kwa komeo siku mtoto anapofikisha miaka 3. Ubongo huendelea kujifunza hadi uzeeni, na mtoto aliyeanza vibaya anaweza kuinuka. Kinachoonekana wazi ni kwamba kumsaidia mapema ni rahisi zaidi, na humfikisha mbali zaidi, kuliko kumsaidia baadaye.

Tumeyajuaje haya? Ushahidi unaogusa sana maisha ya watu wa kawaida umetoka Kingston, mji mkuu wa Jamaika. Mwaka 1986 na 1987 watafiti walikwenda kwenye mitaa maskini ya jiji hilo wakawaandikisha watoto 129 wenye udumavu, wa umri wa kati ya miezi 9 na 24. Waliwagawa kwa kura katika makundi. Wapo waliopewa maziwa ya unga kila wiki. Wapo ambao mhudumu wa afya wa jamii aliwatembelea nyumbani mara moja kwa wiki kwa muda wa saa moja. Wapo waliopata vyote viwili, na wapo waliobaki na huduma za kawaida tu. Mhudumu hakuwa daktari wala mwalimu mwenye shahada. Alikuja na midoli iliyotengenezwa kwa makopo, chupa na vitambaa, akaketi chini na mama na mtoto, wakacheza, wakataja majina ya vitu, wakaimba. Kazi yake kubwa ilikuwa kumwonyesha mama namna ya kuendelea hivyo hivyo siku nyingine sita za wiki, na kumtia moyo kwamba yale anayoyafanya yana thamani. Ziara zilidumu miaka miwili, zikaisha.

Watoto wale waliendelea kufuatiliwa hadi wakawa watu wazima. Walipofika miaka 22 hivi, wale waliotembelewa walikuwa wakipata kipato kinachozidi cha wenzao kwa asilimia 25. Walikuwa wamesoma zaidi na walijihusisha na vurugu kwa nadra kuliko wenzao. Kwa kipato, walikuwa wamewafikia vijana wa mitaa hiyo hiyo ambao hawakuwahi kudumaa. Maziwa peke yake hayakuacha alama ya muda mrefu kama hiyo, ingawa hakuna anayepaswa kusoma habari hii akaona kwamba chakula si muhimu. Mtoto mwenye njaa hana nguvu ya kucheza.

Ushahidi mwingine, wa kuhuzunisha, ulipatikana Bucharest nchini Romania. Watoto wachanga waliokuwa wakilelewa kwenye taasisi kubwa za serikali walilishwa na kuvishwa, lakini hakukuwa na mtu wa kuwaitikia. Kuanzia mwaka 2000 watafiti waliwafuatilia watoto 136. Nusu yao, kwa kura, walipelekwa kwenye familia za malezi. Waliotoka kabla ya kutimiza miaka miwili walipiga hatua kubwa zaidi kuliko waliochelewa. Chakula, kitanda na paa havikutosha.

Mtu anaweza kuzisoma habari hizi akasema kazi ni ya mama, basi. Acheze na mwanawe, azungumze naye, amsikilize. Ushauri huo ni mzuri, na tunausikia redioni na kliniki. Lakini mimi nadhani umesimama nusu ya njia. Mama anayeuza chakula Buguruni au Kariakoo, Dar es Salaam, huamka saa tisa usiku kuwasha jiko. Mama wa kufua nguo majumbani hurudi giza limeshaingia. Kijijini bibi au shangazi angekuwapo. Mjini bibi yuko mbali, na shangazi naye ametoka kutafuta. Zaidi ya hapo, yako mambo yanayoujenga au kuuharibu ubongo wa mtoto ambayo hakuna mama anayeweza kuyatengeneza kwa mikono yake hata angejitahidi vipi. Hawezi kuchimba mtaro wa maji machafu. Hawezi kuweka tuta barabarani. Hawezi kumnyima kibali mwenye kiwanda. Kazi hizo zina mwenyewe, naye ni halmashauri ya jiji, manispaa au serikali ya kaunti.

Tuanze na swali la nani anabaki na mtoto. Kwenye mitaa mingi ya Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam jibu ni chumba kimoja cha jirani, mwanamke mmoja na watoto kumi au ishirini juu ya mkeka. Wengi wa wanawake hawa ni watu wema wanaofanya kazi ngumu kwa ujira mdogo. Wanachokosa ni mafunzo, nafasi, maji na mtu wa kuwatembelea. Katika mtaa wa Korogocho, Nairobi, watafiti waliwapa baadhi ya akina mama, kwa kura, vocha za kulipia kituo cha kulelea watoto mchana. Baada ya mwaka mmoja hivi, waliopewa vocha walikuwa wamewatangulia wenzao kwa pointi 8.5 za asilimia katika kuwa na kazi ya kipato. Akina mama wanaolea peke yao walipata nafuu ya namna nyingine: wengi walihamia kwenye kazi za saa chache zaidi bila kipato chao kupungua. Saa hizo zinazookolewa ndizo anazozihitaji mtoto jioni.

Lakini kituo chochote tu hakitoshi. Jimbo la Quebec nchini Kanada lilianza mwaka 1997 kutoa malezi ya mchana kwa dola 5 kwa siku. Akina mama wengi waliingia kazini, na uchumi ukanufaika. Hata hivyo tafiti kadhaa ziligundua kwamba baadhi ya watoto walionyesha wasiwasi na ukorofi zaidi kuliko ilivyotarajiwa. Nafasi ziliongezwa haraka, na ubora wa vituo haukwenda sambamba. Kama nchi tajiri iliteleza hapo, sisi tuna kila sababu ya kuwa waangalifu. Mkuu wa jiji anayejivunia idadi ya vituo aulizwe pia kila mlezi ana watoto wangapi, na kama anapata muda wa kumwangalia mtoto usoni.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliikabidhi kaunti elimu ya awali pamoja na vituo vya kulelea watoto, hivyo gavana wa Nairobi au Kisumu hana wa kumsukumia jukumu. Kwa Tanzania, Sheria ya Mtoto ya 2009 inavitambua vituo vya kulelea watoto mchana, na Desemba 2021 ilizinduliwa programu jumuishi ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, ile inayofupishwa PJT-MMMAM, inayozitaka halmashauri zilipangie bajeti jambo hili. Sheria na programu zipo. Ninachokiogopa ni usajili unaogeuka kuwa rungu, pale ofisa anapofika kwenye chumba cha jirani yule, akakuta choo hakifai, akafunga mlango na kuondoka. Watoto hawatoweki kwa sababu kituo kimefungwa. Wataachwa na kaka yao wa miaka 7. Halmashauri yenye busara huanza kwa kuvitambua vituo vyote, ikawafundisha walezi kwa siku chache, ikarudi kuwatembelea, kisha ikapandisha masharti hatua kwa hatua. Kijana aliyemaliza kidato cha nne bila kupata nafasi ya kuendelea anaweza kuwa mlezi mzuri sana akifundishwa. Hiyo ni ajira halali, na mitaa yetu inaihitaji leo. Vikundi vya wanawake vinavyotaka kuanzisha kituo vinaweza pia kuomba ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri za Tanzania hutenga kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu.

Na soko je? Nikipita sokoni huona ushuru ukikusanywa kila asubuhi kwa bidii kubwa kutoka kwa wanawake waliofunga watoto mgongoni au kuwalaza chini ya meza, karibu na maji machafu na moshi wa mkaa. Jengo jipya la soko linapochorwa, huwa na sehemu ya magari, benki, vyumba vya kuhifadhi bidhaa. Chumba cha watoto chenye mlezi, maji na kivuli ni gharama ndogo katika mradi wa mabilioni, na wanaolipa ushuru wana haki ya kukidai. Pale Feri, soko la samaki la Dar es Salaam, ambako wavuvi huingia na samaki alfajiri, hali ni hiyo hiyo kwa wanawake wanaokaanga na kuuza. Mvuvi mwenyewe, anayelala mchana na kwenda baharini usiku, ana saa za jioni nyumbani ambazo wanaume wengi wa mjini hawana. Mtoto hunufaika na sauti ya baba kama anavyonufaika na ya mama, na hilo linastahili kusemwa kwa wavuvi kwenye vikao vyao vya ufukweni, na lisiishie kwa akina mama kliniki.

Sasa tushuke hadi sakafuni. Jimbo la Coahuila nchini Meksiko lilianza mwaka 2000 kuzipa familia maskini zege la kusakafia nyumba zenye sakafu ya udongo, hadi mita za mraba 50 kwa nyumba. Gari lilileta zege mlangoni, familia ikamwaga na kusawazisha yenyewe. Watafiti waliona fursa ya pekee: mji wa Torreón ulipata mradi huo, na miji ya Gómez Palacio na Lerdo, inayopakana nao kabisa lakini iko jimbo jingine, haikuupata. Ni watu wa aina moja, jua moja na vumbi moja. Walipolinganisha, walikadiria kwamba nyumba iliyobadilisha sakafu yote iliona maambukizi ya minyoo kwa watoto yakipungua kwa asilimia 78 na upungufu wa damu kwa asilimia 81. Watoto wale pia walifanya vizuri zaidi kwenye majaribio ya lugha na msamiati. Hakuna aliyekwenda kuwafundisha chochote. Waliacha kutambaa kwenye udongo wenye mayai ya minyoo, damu yao ikawa nzima, na akili ikapata nguvu ya kufanya kazi yake.

Nikitaja hilo lazima nitaje na la kwetu lililowashangaza wengi. Katika kaunti za Bungoma, Kakamega na Vihiga, magharibi mwa Kenya, utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2018 ulizipa familia dawa ya kutibu maji, vyoo bora na sehemu za kunawia mikono. Watoto hawakuongezeka kimo kuliko wenzao, na hata kuhara hakukupungua. Waliopewa nyongeza ya lishe na ushauri walikua kidogo zaidi. Usafi unabaki muhimu. Somo ninaloliona hapo ni kwamba nyumba moja moja haiwezi kujiokoa katikati ya mazingira machafu, kwani kuku, mbuzi, watoto wa jirani na mvua huleta uchafu ule ule mlangoni. Anayeishi Jangwani au kandokando ya Mto Msimbazi, Dar es Salaam, anajua hili vizuri, maana mvua kubwa za masika huingiza vyoo vya mtaa mzima ndani ya chumba chake. Mtaro unaopitisha maji, bomba la majitaka na gari la taka linalokuja kwa ratiba vinaweza kufanya kile ambacho chupa ya dawa ya maji haikuweza.

Kuna uchafu mwingine usioonekana. Madini ya risasi yakiingia mwilini mwa mtoto huuharibu ubongo unaojengwa, na hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo huyafyonza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima, na kwa kuwa hutia kila kitu mdomoni, vumbi la uani humtosha. Owino Uhuru, kitongoji cha Mombasa, kiliishi jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari hadi kilipofungwa mwaka 2014. Mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya mwaka 2020, na baada ya tuzo hiyo kufutwa katika rufaa, Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Nafurahi kwa ushindi wao. Lakini fedha haimrudishii mtoto kilichopotea, na hakuna dawa ya kukirudisha. Kinga ilikuwa kwenye kibali cha biashara na ramani ya mipango miji, kabla tanuri halijawashwa. Gereji za mitaani zinazopasua betri uani zinahitaji jicho hilo hilo, pamoja na mahali mbadala pa kufanyia kazi mbali na nyumba za watu.

Barabara nayo imo. Dar es Salaam, kwenye maeneo ya shule za msingi zilizokuwa na ajali nyingi, mafundi waliweka matuta, njia za waenda kwa miguu, alama na vizuizi, na mahali pengine lango la shule likahamishwa lielekee mtaa tulivu. Majeruhi miongoni mwa wanafunzi walipungua kwa takriban robo. Kazi zenyewe si za ajabu, fundi yeyote wa manispaa anaziweza. Na mtoto mdogo hunufaika hata pale ambapo hakukuwa na ajali. Mama anayetembea na mtoto pasipo na njia ya miguu humkaba mkono, humvuta, humkemea, humfunga mgongoni hata akishaweza kutembea. Akipata njia salama yenye kivuli cha mwarobaini, humwacha asimame aangalie sisimizi na aulize. Maswali hayo ndiyo ujifunzaji wenyewe.

Kuhusu lishe, takwimu za Tanzania za mwaka 2022 zinaonyesha asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka 5 wana udumavu. Ni nafuu kuliko asilimia 34 ya mwaka 2015/16, na wanaostahili pongezi wapongezwe, lakini bado ni watoto watatu katika kila kumi. Halmashauri zimeagizwa kutenga angalau shilingi 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto wa umri huo. Kiasi hicho hakitoshi hata kununua trei ya mayai, na bado si kila halmashauri huitoa kwa wakati. Nairobi ilianza mwaka 2023 kuwapikia wanafunzi wa chekechea na msingi katika majiko makubwa, mzazi akichangia shilingi 5 za Kenya kwa sahani. Ni hatua ya kupendeza, nayo inampa soko la uhakika mkulima wa maharage na mboga iwapo kaunti itaamua kununua kwa wakulima wadogo. Mtoto wa mwaka mmoja, ambaye udumavu humshika kabla hajaiona shule, haifikii sahani hiyo. Kwake njia ni mama mjamzito aliyeshiba, unyonyeshaji wa miezi sita bila kitu kingine, kisha uji wenye karanga, dagaa na mboga.

Turudi Kingston kwa tahadhari moja ya mwisho. Watoto 129 ni wachache, na wahudumu wale walisimamiwa kwa karibu sana. Peru ilipoanzisha ziara kama hizo vijijini kwa kiwango kikubwa, watoto walinufaika, lakini kwa kiasi kidogo zaidi. Mpango unapokua, msimamizi huwa na wahudumu wengi mno, ziara hurukwa, na mazungumzo na mama hugeuka kuwa kujaza fomu. Januari 2024 Tanzania ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 137,000 kwa miaka 5. Humo imo nafasi ambayo watafiti wa Kingston wangeitamani, iwapo mhudumu anayekuja kuuliza habari za chandarua na chanjo atakuwa pia na dakika chache za kuketi mkekani na mtoto, na msimamizi wa kumfuatilia.

Halmashauri isiyo na fedha za ziara inaweza kuanzia kliniki, kwa kuwa zahanati na vituo vya afya viko chini yake na akina mama tayari wanakuja. Nchini Jamaika, Antigua na Saint Lucia, watafiti walitumia zile saa za kusubiri kwenye foleni ya kupima uzito na chanjo. Filamu fupi za akina mama wakicheza na watoto wao zilionyeshwa ukumbini, mhudumu akazizungumzia na waliokuwapo na kuwaonyesha mchezo mmoja au miwili, muuguzi akatilia mkazo wakati wa kumhudumia mtoto, na mama akaenda nyumbani na kadi yenye maelezo na kitu kidogo cha kuchezea. Ziara zilikuwa tano tu, kati ya miezi 3 na 18. Watoto walipopimwa akiwa kila mmoja na umri wa mwaka mmoja na nusu, waliopata huduma hiyo walikuwa mbele ya wenzao kwa uwezo wa akili, na mama zao walijua zaidi kuhusu malezi. Vilihitajika televisheni moja, mkeka, muuguzi aliyeelekezwa, na mganga mfawidhi anayekubali kwamba foleni ya kliniki nayo ni sehemu ya tiba.